Jina Lisilo na Mwenyewe: Mvuto wa Taharuki katika North by Northwest ya Alfred Hitchcock

Katika ukumbi wa Oak Room wa hoteli ya Plaza mjini New York, tarishi wa hoteli anapita katikati ya meza akiliita jina la George Kaplan. Wakati uo huo Roger Thornhill, mtaalamu wa matangazo ya biashara, anatanabahi kwamba amemwagiza katibu wake ampigie mama yake simu mahali ambapo hapana simu. Anamwashiria tarishi yule ili amtume telegramu. Watu wawili waliosimama kando wanauona mkono huo ukiinuka mara tu baada ya jina kutajwa, nao wanahitimisha kwamba Kaplan ameitika. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna hata aliyekosea kwa uzembe. Ishara mbili zilizokuwa na maana mbili tofauti zimekutana katika nukta moja ya wakati, na kutokana na sadfa hiyo inazaliwa filamu ya dakika 136.

North by Northwest ilitolewa na kampuni ya MGM mwaka 1959, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Julai. Mswada wake uliandikwa na Ernest Lehman, muziki ukatungwa na Bernard Herrmann, na uelekezi ukawa wa Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa amehamia Marekani tangu miaka ya mwisho ya thelathini. Iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar na haikupata hata moja. Hata hivyo, watazamaji wameendelea kuirudia kizazi baada ya kizazi, na wahakiki wenye mielekeo inayopingana wameifanya uwanja wa kujaribia nadharia zao: Raymond Bellour mwaka 1975 kwa nadharia za umuundo na saikolojia changanuzi, Stanley Cavell mwaka 1981 kwa falsafa ya ndoa na usemi, Fredric Jameson mwaka 1992 kwa suala la nafasi na mahali. Makala hii inajishughulisha na swali la kale zaidi kuliko hayo yote, swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi angeliuliza kwanza: mvuto wake unatoka wapi, na ni nani anayeulipia?

Asili ya hadithi yenyewe ina kinaya chake. Hitchcock na Lehman walikuwa wameajiriwa na MGM ili waigeuze kuwa filamu riwaya ya Hammond Innes kuhusu meli iitwayo Mary Deare. Lehman hakuona namna ya kuifanya, na wawili hao wakaiacha. Kilichoshika nafasi yake ni wazo ambalo mwandishi wa gazeti la New York Herald Tribune, Otis Guernsey, alikuwa amempa Hitchcock: kwamba idara ya ujasusi imebuni jasusi asiyekuwapo, kisha raia asiyejua lolote anatwikwa jina la jasusi huyo. Juu ya wazo hilo Hitchcock aliongeza matamanio yake mawili ya muda mrefu, yaani mauaji katika makao ya Umoja wa Mataifa na watu wanaofukuzana juu ya nyuso za marais zilizochongwa katika mlima Rushmore. Lehman alilazimika kutunga safari ya kuviunganisha vituo hivyo. Msuko wa namna hii, unaojengwa kutoka kwenye matukio kurudi kwenye sababu, ungekuwa dosari katika riwaya ya kihalisia. Hapa si dosari, kwa kuwa filamu inahusu mtu anayeburutwa na hadithi ambayo hakuitunga.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa mwelekezi huyu kulishughulikia jambo hilo. The 39 Steps ya mwaka 1935, iliyotokana na riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915, ilimfuata mtu asiye na hatia anayekimbia polisi na majasusi kwa pamoja. Saboteur ya mwaka 1942 ilimfikisha mhusika wake kwenye Sanamu ya Uhuru. Mwaka 1956 ikaja The Wrong Man, ambayo itajadiliwa baadaye, kwa sababu bila hiyo North by Northwest haiwezi kueleweka kikamilifu.

Mintarafu ya taharuki, Hitchcock alikuwa na maelezo aliyoyarudia mara nyingi, hasa katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyofanywa mwaka 1962 na kuchapishwa mwaka 1966. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, hadhira hupata mshtuko wa nukta chache. Hadhira ikijulishwa mapema kwamba bomu lipo, ilhali walioketi mezani wanapiga soga, hapo ndipo taharuki inapozaliwa na kudumu. Tofauti iliyopo ni ya mgawanyo wa maarifa: nani anajua nini, na anajua lini. Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili atakumbuka kwamba Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alifuata njia nyingine. Bwana Msa anajua kabla ya msomaji, na utamu unatokana na kusubiri mpaka mwenye kiko aamue kufumbua. Hitchcock anaigeuza mizani hiyo. Kabla ya theluthi ya kwanza ya filamu kumalizika, anatupeleka katika ofisi moja ya Washington ambako maafisa wameizunguka meza yenye gazeti. Thornhill amepigwa picha akiwa na kisu mkononi, karibu na maiti, katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa. Hapo tunaambiwa kwamba Kaplan hayupo. Ni jina lililoandikishwa katika hoteli, masanduku yanayohamishwa kutoka mji hadi mji, na nguo zinazotundikwa kabatini, almuradi adui aamini kwamba anafuatwa na mtu fulani na asimtambue jasusi wa kweli aliye karibu naye.

Mwandishi dhaifu angeihifadhi siri hiyo hadi mwisho. Hitchcock anaitoa mapema, na tangu hapo kila hatua ya Thornhill inabadilika maana. Anamtafuta Kaplan ili amsafishie jina. Sisi tunajua kwamba anatafuta tundu. Kicheko na huruma vinaanza kuchanganyika kwa namna ambayo mhakiki hapati urahisi wa kuitenganisha.

Hata hivyo ingekuwa kosa kusema kwamba hadhira inamzidi mhusika maarifa wakati wote. Mgawanyo huo unabadilishwa kwa ustadi. Katika treni ya kwenda Chicago, Thornhill anakutana na Eve Kendall, mwanamke anayemficha katika behewa lake bila kuulizwa. Tunamfurahia pamoja naye, kisha tunaona kikaratasi kikipelekwa katika behewa jingine, kwa Vandamm, adui mwenyewe, kikiuliza mtu huyu afanyweje kukicha. Sasa tunajua asichokijua, na uchungu wetu unaongezeka. Lakini hatujui yote. Eve ndiye jasusi wa serikali ambaye Kaplan alibuniwa ili kumlinda, na hilo tunaambiwa pamoja na Thornhill, katika uwanja wa ndege, na yule mzee aitwaye Profesa. Inafaa kukiangalia kituo hicho kwa makini. Sehemu ya maelezo ya Profesa ambayo sisi tumekwisha kuyajua inafunikwa na mngurumo wa ndege, hatuisikii kabisa. Ngurumo inapopungua, ndipo linapotajwa jambo ambalo hata sisi hatukulijua. Kelele za mashine zimetumiwa kama mhariri. Ni nadra kuona heshima ya namna hiyo kwa akili ya mtazamaji.

Tukio la shamba la mahindi ndilo lililosifiwa kuliko yote, na sifa hizo ni za haki. Thornhill ameelekezwa na Eve ashuke basi katika njia kuu iliyo tupu, mahali panapodaiwa kuwa Indiana (picha zenyewe zilipigwa California), akamngoje Kaplan. Mazoea ya filamu za kutisha yangempeleka katika kichochoro chenye giza, chini ya taa moja, pamoja na paka mweusi. Hitchcock alisema wazi kwamba alikusudia kuyapindua mazoea hayo. Amempa mhusika wake jua kali, ardhi tambarare na upeo wa macho usio na kizuizi. Hapana muziki. Gari linapita, kisha jingine. Mtu mmoja anashushwa ng'ambo ya barabara, nao wawili wanatazamana kwa muda mrefu, kila mmoja kwa suti yake, kama watu wawili waliosahau walichotaka kuambiana. Yule mgeni si Kaplan. Kabla hajapanda basi lake anasema neno moja la kupita njia, kwamba ndege ile ya kunyunyizia dawa inanyunyizia mahali pasipo na mimea. Dakika chache baadaye ndege inamshukia Thornhill.

Kinachotisha hapa ni kwamba hapana pa kujificha kwa kuwa hapana kilichofichwa. Mtu wa matangazo ya biashara, ambaye kazi yake ni kuvifanya vitu vionekane, ameonekana kupita kiasi. Muziki wa Herrmann unarudi tu baada ya ndege kuligonga lori la mafuta na moto kuwaka, na kurudi kwake ni kama pumzi iliyokuwa imezuiwa. Mwalimu wa ushairi anayefundisha thamani ya kituo angeweza kulitumia tukio hili darasani bila kubadilisha chochote.

Tuligeukie sasa jina. Thornhill anamwonyesha Eve kibiriti chenye herufi za mwanzo za jina lake: R, O, T, ambazo kwa Kiingereza zikisomwa pamoja ni neno lenye maana ya uozo. Anapoulizwa O ni ya nini, anajibu kwamba si ya kitu. (Mtayarishaji David O. Selznick, aliyemleta Hitchcock Marekani, naye alijiongezea O isiyowakilisha jina lolote. Dhihaka hiyo huenda ilieleweka zaidi Hollywood kuliko kwingineko.) Katikati ya jina la mtu halisi, basi, pana tundu sawa na lile lililomo katika jina la mtu wa kubuni. Thornhill akiingia katika chumba nambari 796 cha hoteli ya Plaza, mhudumu anamwita Kaplan. Kwa nini? Kwa sababu yumo ndani ya chumba cha Kaplan. Hakuna aliyewahi kumwona mwenye chumba, hivyo anayekutwa ndani ndiye mwenyewe. Suti ya Kaplan ni fupi, haimkai, na mama yake anacheka. Mwili haulingani na vazi, ila jina limeshamkaa.

Kuna ziada ya kinaya kwamba Thornhill anaigizwa na Cary Grant, ambaye alizaliwa Bristol mwaka 1904 kwa jina la Archibald Leach, akapewa jina jipya na studio mwanzoni mwa miaka ya thelathini, akalihalalisha mwaka 1942 alipochukua uraia wa Marekani. Hadhira ya mwaka 1959 ilikuwa inamtazama mtu aliyeingia katika suti ya mtu wa kubuni miaka mingi kabla, na suti hiyo ikamkaa barabara.

Haiwezekani kuusoma mchezo huu wa majina bila kuikumbuka Marekani ya muongo huo. Amri ya rais ya mwaka 1947 ilikuwa imeanzisha uchunguzi wa uaminifu wa watumishi wa serikali. Mwaka uo huo waandishi na waelekezi kumi wa Hollywood waliokataa kuijibu kamati ya Bunge walianza njia iliyowafikisha gerezani. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, kutajwa tu kulitosha kumnyima mtu kazi. Filamu haisemi lolote kuhusu mambo hayo kwa uwazi. Lakini inaonyesha idara ya serikali ikikaa mezani na kuamua, kwa sauti za upole na masikitiko ya adabu, kwamba raia aliyetumbukia katika uongo wao aachwe huko huko, kwa maana kuokolewa kwake kutaiharibu kazi. Vandamm anataka kumuua Thornhill kwa sababu anaamini ni Kaplan. Profesa yuko tayari auawe ingawa anajua si Kaplan. Mhakiki asiye na haraka ataona kwamba la pili ni zito kuliko la kwanza, japo filamu inamruhusu Profesa abaki mzee wa kupendeza.

Hapa ndipo The War Baridi ya kwenye magazeti, kwa maneno mengine Vita Baridi kama ilivyohubiriwa, inapopoteza mipaka yake. Siri zinazogombaniwa ni mikrofilamu iliyofichwa ndani ya kinyago, na hatuambiwi kamwe ina nini. Hitchcock aliliita jambo la namna hiyo MacGuffin, na akamwambia Truffaut kwamba hii ya North by Northwest ilikuwa bora kuliko zote alizozitumia kwa kuwa ilikuwa tupu kuliko zote. Wanaofukuzwa na wanaofukuza wanauana kwa ajili ya kitu ambacho mtunzi mwenyewe anakiri kuwa si kitu.

Fasihi ya kimagharibi ina mizizi mirefu ya mkanganyiko wa utambulisho. Plautus aliwachekesha Warumi kwa mapacha, Shakespeare akawaongeza idadi. Katika mkondo huo kosa huzaa kicheko, na hatima yake ni watu kutambuana. Lakini Shakespeare huyo huyo aliandika onyesho jingine, ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalo katika tafsiri ya Julius Nyerere ya Juliasi Kaizari, iliyochapishwa mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Kaizari amekwisha kuuawa, umati umepandwa na hasira, na mshairi aitwaye Cinna anakutana nao njiani. Anaulizwa jina, analitaja. Mmoja wa waliokula njama naye anaitwa Cinna. Mshairi anapiga kelele kwamba yeye si huyo, na umati unamuua kwa jina lake vivyo hivyo. Onyesho hilo ni fupi mno, na waelekezi wengi wa jukwaa wamelikata, lakini linalo jambo ambalo vichekesho vya mapacha havina: kukosea kunaweza kujulikana na bado kitendo kikatendwa.

Mlima wa Rushmore unauleta ukweli huo karibu zaidi kuliko Hitchcock alivyokusudia. Nyuso za Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, kila moja yenye urefu wa mita 18 hivi, zilichongwa chini ya uongozi wa Gutzon Borglum kati ya mwaka 1927 na 1941, katika milima ambayo mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahakikishia Walakota. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba walistahili fidia kwa kunyang'anywa nchi hiyo. Walakota wamekataa kuipokea, wakidai ardhi yenyewe. Mlima unaitwa kwa jina la wakili wa New York aliyepita huko mwaka 1885. Maafisa wa hifadhi za taifa waliizuia MGM isionyeshe vurugu juu ya nyuso hizo, kwa kuchelea kulivunjia heshima eneo takatifu la taifa, hata ikabidi mlima ujengwe upya studioni. Utakatifu wa nani, hakuna aliyeuliza.

Na miongoni mwa nyuso hizo ni ya Lincoln. Tarehe 26 Desemba 1862, baada ya vita vya Wadakota huko Minnesota, watu 38 walinyongwa pamoja katika mji wa Mankato. Lincoln alikuwa ameipunguza orodha ya watu 303 waliohukumiwa. Mmoja wa walionyongwa, Chaska, hakuwamo katika orodha iliyobaki. Alikuwa amemlinda mwanamke mzungu, Sarah Wakefield, pamoja na watoto wake, na mwanamke huyo alitoa ushahidi wa kumtetea. Chaska ni jina ambalo Wadakota humpa mtoto wa kwanza wa kiume, na waliokuwa na jina hilo au linalofanana nalo walikuwa wengi. Jina lilipoitwa, aliitika yeye. Thornhill aliinua mkono katika ukumbi wa Plaza akaishia katika mlima wenye uso wa Lincoln, akiwa mzima, na mwanamke mkononi.

Tofauti ya hatima hizo mbili inaturejesha kwenye The Wrong Man. Filamu hiyo ilitokana na kisa cha kweli cha Manny Balestrero, mpiga muziki katika klabu moja ya New York, aliyekamatwa mwaka 1953 baada ya wafanyakazi wa ofisi ya bima kumtambua kuwa ndiye aliyewaibia. Hitchcock anaionyesha kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila mzaha, kila hatua ya kufungwa pingu, kuandikishwa, kuandikiwa maneno ya kunakili ili mwandiko wake ulinganishwe. Mke wake anarukwa na akili. Mwizi wa kweli anapatikana, lakini mke harudi katika hali yake pamoja na habari njema. Maandishi ya mwisho ndiyo yanayodai kwamba alipona baadaye. Watazamaji hawakuipenda. Miaka mitatu baadaye mwelekezi yule yule aliwapa jambo lile lile kwa rangi za kupendeza, pamoja na Cary Grant, treni ya fahari na vichekesho, nao wakalipokea kwa furaha.

Rahisi kusema kwamba ya kwanza ni ya kweli na ya pili ni ya kukimbilia ndotoni. Hukumu hiyo haitoshi. Filamu ya pili inajua yote ambayo ya kwanza inayajua, ila imeyahamisha. Mateso yaliyokuwa ya Balestrero na mkewe hayakufutwa. Yamewekwa juu ya mtu ambaye hatutamkumbuka tukitoka ukumbini. Mtu huyo ni Lester Townsend. Vandamm aliteka nyumba yake huko Glen Cove na kulitumia jina lake alipomhoji Thornhill. Bibi mmoja alijifanya mkewe na kuwapokea polisi kwa tabasamu, wakati mtunza bustani, ambaye ni mmoja wa watekaji nyara, akikata majani dirishani. Thornhill anakwenda Umoja wa Mataifa kumtafuta Townsend, na anayejitokeza ni mtu mwingine kabisa, mpole, aliyeshangaa, anayesema kwamba mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Anaonyeshwa picha ya Vandamm, anafungua kinywa ili aseme, na kisu kinamwingia mgongoni.

Yeye pia jina lake lilivaliwa na mwingine. Yeye pia hakujua lolote. Kosa lake lilikuwa kuitwa Townsend na kuitikia alipoitwa, na ameonekana kwa dakika zisizofika tatu. Thornhill anakichomoa kisu, wapiga picha wanafanya kazi yao, na kuanzia hapo maiti ile ina kazi moja tu katika msuko, nayo ni kumfanya Thornhill akimbie. Mwisho wa filamu Vandamm anakamatwa, Profesa anapata mikrofilamu yake, na Thornhill anamvuta Eve kutoka ukingoni mwa jabali hadi katika kitanda cha juu cha treni kwa mkato mmoja tu wa picha, akimwita kwa jina jipya, Bi. Thornhill. Jina la Townsend halitajwi tena.